Jina Alilokwenda Nalo Vitani

Sogeeni hapa, wanangu. Mugo, zima televisheni. Audrey, acha kuangalia hiyo pampu ya dawa, leo hujaja kama nesi. Pumzi niliyonayo inatosha jambo moja, nalo ni lile shamba la Siaya mnalotaka kuliuza. Haliuzwi. Si letu.

Mmekua mkimwita babu yenu Okumu, kwa sababu ndilo jina lililo kwenye cheti chake cha jeshi na kwenye hati ya shamba. Baba yangu aliitwa Onyango. Okumu alikuwa kaka yake.

Mwaka wa arobaini na mbili serikali ilimpa chifu idadi ya wanaume inaowataka kwa vita vya Wajapani, naye akaigawa boma kwa boma, na kwetu akaandika Okumu. Okumu alikuwa ameoa, mke wake ana mimba ya miezi saba. Bibi yangu, mama yao, hakulia wala kuita kikao. Aliwavua wanawe wote wawili vipande vyao, zile karatasi za utambulisho zilizofungiwa ndani ya kijikebe cha bati shingoni, akavibadilisha, akamwambia mdogo, baba yangu, aende.

Baba alinieleza jinsi jeshi lilivyofanya kazi, na mimi niliyefanya kazi ghalani Washwood Heath, hapa Birmingham, miaka kumi na moja nilimwelewa haraka. Kwenye uwanja wa kuandikisha palikuwa na meza tatu. Ya kwanza daktari anakupima uzito, anakukohoza, anakupiga alama ya wino kifuani. Ya pili karani ananakili kipande bila kukutazama usoni. Ya tatu unagawiwa: aliyesoma anapelekwa kwenye simu za upepo, aliyewahi kushika usukani kwenye malori, wengine bunduki, na waliobaki sepetu za kuchimba barabara. Kwa wiki chache watu wa makabila ishirini walifundishwa kugeuka pamoja kwa amri za Kiswahili, na ndicho Kiswahili alichonirithisha, nikaja kuolewa nacho na baba yenu Mkikuyu. Baba alipewa lori. Aliliendesha Burma kwenye matope ya kufika kiunoni, na kila asubuhi aliitwa Okumu naye akaitika.

Aliporudi, walipaswa kurudishiana majina. Walichelewa. Kila mmoja alikuwa tayari na karatasi za mwenzake, na kwenda kwa mkubwa wa wilaya kukiri ilikuwa kutafuta jela. Kwa hiyo wakaacha. Nyumbani kila mtu alijua nani ni nani, kwa hiyo hawakuona hatari.

Hatari ilikuja na wapima ardhi, mimi nikiwa kidato cha pili. Shamba la juu, upande wa kulia wa lango, lilikuwa la mtoto wa kwanza, na wazee walitaja Okumu. Mpimaji akauliza Okumu ni yupi, mwenye karatasi. Nilikuwepo. Nilimwona baba akitoa cheti cha jeshi, na baba mkubwa akimtazama, akingoja aseme neno. Baba akamsogezea mpimaji kile cheti. Kaka yake akaandikiwa lile la chini, linalomezwa na maji kila masika.

Nilimuuliza baba mara moja tu, siku za mwisho wake. Akasema, "Mimi nilikwenda kufa badala yake. Shamba ni kitu gani?"

Najua, Mugo, hata wewe unaona alikuwa na haki. Nami nilijiambia hivyo miaka yote, kwa sababu ilinifaa. Lakini ile mimba ya miezi saba ni Akeyo. Ana miaka themanini na tatu, anaishi kwenye lile shamba la chini, amefukuzwa na mafuriko mara mbili mwaka huu, na hajawahi kunitukana. Yeye hakumtuma mtu vitani.

Wakili wa Kisumu ameshaandaa karatasi za kumhamishia shamba, na mimi nimetia sahihi. Msiende mahakamani kuzipinga. Nizikeni hapa Birmingham, msiitishe mchango wa kusafirisha maiti. Funguo za Kewal, jirani yetu, ziko kwenye droo, mrudishieni. Nyumba hii ni ya kupanga, hakuna cha kugombania, na hilo lenyewe ni jema nililowaachia.

Mungu awalinde. Audrey, upate mtu wa kukutunza wewe pia. Mugo, hasira yako ipoe… Nisogezee mto. Hapo.

Sasa mpigie Akeyo. Sitaki aambiwe na wakili. Weka sauti juu, nishikie simu, mkono hauwezi…

Dada Akeyo. Ni mimi. Hapana, usikate, mimi si mtu wa kwa Okumu, hata karatasi zikisema hivyo. Kwa Okumu ni kwenu… Ni mimi, binti Onyango.