Mawe Niliyoyabeba kwa Toroli

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na huko viti vya nyuma pia, maana najua mmekaa karibu na mlango ili muwahi chakula.

Mimi ni mtu wa hapa hapa Ganako. Kama hunifahamu, ni kwa sababu sitoki nyumbani. Arusha nimefika mara mbili, na ile ya pili nilifuata koti nililolisahau ile ya kwanza. Kreta ya Ngorongoro iko hapo juu tu, watu wanapanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuiona, mimi sijawahi kuingia. Starehe yangu ni kiti, dirisha na chai. Na Shetani, ndugu zangu, hakuhangaika kunitafuta mbali. Alinikuta dirishani.

Dirisha langu linatazama kilima cha mdogo wangu Boay. Marehemu baba alipotugawia ardhi, alinipa mimi mkubwa nichague kwanza. Nikachagua bondeni, udongo laini, maharage yanaota hata ukiyatupa kwa hasira. Boay akabaki na kilima cha mawe. Nilimcheka! Nikamwambia, "Mdogo wangu, utavuna kokoto uzile na maziwa mgando." Naye akacheka, na hilo nalo likaniudhi.

Sasa juu ya kile kilima kuna duara la mawe la kale. Mawe makubwa yamepangwa kuzunguka uwanja mtupu, na mwanya mmoja unatazama mawio. Nani aliyapanga? Wengine husema Wadatoga, wengine Wamaasai, wengine watu waliokuwepo kabla ya hao wote. Bibi yetu akipita pale alikuwa anapunguza sauti. Na kuna desturi: mpita njia huacha majani mabichi kidogo, au huongeza jiwe moja, ndipo aendelee na safari yake.

Miaka ya karibuni watu wakaanza kuja. Waongoza watalii waliwaleta wageni wao. Kulikuwa pia na mama mmoja wa Kimaasai, tunamwita Yeyo kama wanavyomwita wanawe, kwao ni mbali, kijiji cha Enguserosambu. Kila akija kumwona binti yake aliyeolewa Karatu, lazima apande kwa Boay na majani mkononi, aombe apate mjukuu. Siku moja nikamwona mgeni amekaa kati ya yale mawe analia machozi. Ndugu zangu, kwenye shamba langu hakuna aliyewahi kulia ila mimi mwenyewe, mwaka wa viwavijeshi!

Wivu ukanikaa hapa, chini ya mbavu. Boay akisalimiwa kwa mikono miwili, mimi naumia. Akiletewa kibuyu cha maziwa, chai yangu inakosa sukari ingawa nimeweka vijiko vitatu. Nilijiuliza, Mungu gani huyu anayeacha shamba zuri anakwenda kukaa kwenye kokoto?

Na wivu wa mtu wa kanisani huvaa suti. Nilisimama hapa hapa, mnakumbuka, nikaomba tumwombee mdogo wangu "aliyerudia kuabudu mawe". Akina mama wa maombi ya Jumatano, mlifunga siku tatu kwa ajili ya Boay. Leo nawaomba radhi, hasa kwa ile njaa. Boay hakuabudu jiwe lolote. Nilipomuuliza alinijibu, "Kaka, pale huwa nanyamaza tu. Namshukuru Mungu kwa waliotutangulia." Nikarudi nyumbani nimekasirika zaidi, maana jibu lilikuwa zuri.

Nikaamua nami niwe na duara langu. Ndiyo, ndugu zangu, chekeni tu, hata mke wangu alicheka. Ila shamba langu zuri halina mawe! Mawe pekee yalikuwa yale ya ukingo wa juu, mstari mrefu baba alioujenga kwa mikono yake ili maji ya kilimani yasishuke kwa nguvu. Nikajiambia, ukingo ni mrefu, nikipunguza kidogo nani atajua? Nikapunguza toroli moja. Nikapunguza ishirini. Mimi ninayeona uvivu hata kuchota maji, wivu ulinifanya mbebaji wa mawe!

Mke wangu akatoka jikoni akatazama. "Baba Neema, unajenga choo cha mviringo?"

"Ni mahali patakatifu," nikasema.

"Patakatifu pana wiki moja?"

Nikaongeza jiwe lingine. Yeyo alipopita kuelekea kilimani, nikamwita kwa heshima zote, karibu mama yangu, hapa napo ni pa kale sana. Akaja. Akalizunguka duara polepole, akainama, akagusa jiwe moja.

"Baba Neema," akasema, "mbona mawe yako yamelala chali? Jiwe lililokaa miaka juani na mvuani huota magamba meupe juu. Ya kwako magamba yako chini, na tumbo lenye matope ndilo liko juu."

Nikasema yamekuwa hivyo tangu enzi na enzi.

Akatazama chini, akaona alama ya gurudumu inavyopita katikati ya maharage hadi ukingoni. "Ala! Kumbe watu wa kale walikuwa na toroli!" Alicheka mpaka akakaa kwenye moja ya mawe yangu matakatifu. Kisha akaacha kucheka, akatazama juu, pale ukingo ulipobaki na mapengo. "Yarudishe yalikokuwa," akasema. "Yale yalikuwa na kazi."

Sikuyarudisha. Kuyarudisha ni kukiri, na kukiri ni Boay kujua.

Siku nne baadaye, saa nane mchana, mvua ya masika ikashuka. Maji yakaja kutoka kilimani, yakafika kwenye ukingo wa baba, yakakuta mlango. Jamani! Mimi niko dirishani, kikombe mkononi, naona maharage yangu yanaondoka na udongo wake, maji mekundu kama supu ya nyanya. Korongo likafunguka mbele ya macho yangu, likaja likipinda, likielekea ukuta wa jiko. Mke wangu alikuwa anatoa sufuria nje huku anaita jina la Yesu.

Boay akaja anakimbia, viatu ameviacha kwenye matope. "Kaka, ukingo wa baba uko wapi?"

Nikatoka nje na kikombe bado mkononi. Mke wangu akamjibu, "Umegeuzwa kanisa."

Boay akaingia kwenye duara langu, akainua jiwe la kwanza, akasimama. Mvua inampiga. "Hili nalijua," akasema. "Baba alikuwa analiweka, likaniangukia kidole. Ukucha mpaka leo haujanyooka. Wewe ndiye ulinibeba mgongoni mpaka nyumbani, kaka."

Nilikuwa nimesahau. Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau kabisa! Nikapiga magoti kwenye tope, siyo kwa uchaji, kwa aibu. Nikamwambia, "Boay, ni wivu. Nimekuonea wivu miaka yote hii."

Akasema, "Najua, kaka. Dirisha lako linaonekana kutoka kilimani. Shika huku, tubebe."

Tukabeba. Mimi, yeye na mke wangu, na Yeyo aliyekuwa anashuka kutoka kilimani akaja na shuka amelifunga kiunoni, akisokota nyasi na kuzikandamiza katikati ya mawe ili maji yasipenye. Kila jiwe nililoliinua niliona pale baba aliposhika. Na kile kitu chini ya mbavu, sijui kilitoka kwenye jiwe la ngapi. Nilipokuja kukitafuta, hakipo. Haleluya! Mapepo hayakuwa kilimani, wapendwa. Yalikuwa yangu, na niliyasukuma kwa toroli!

Maji yakageuka hatua chache kutoka jikoni. Sehemu ya shamba ilikwenda, na korongo lipo mpaka leo, mtaliona. Silifichi.

Sasa kiti changu nimekihamishia kule juu, kando ya ukingo. Asubuhi nanyamaza pale, namshukuru Mungu kwa baba. Boay akiwa kilimani hunipungia mkono, nami humpungia bila kuumia mahali popote. Yeyo kapata mjukuu. Akipita, huacha majani kwa Boay, na mengine kwenye ukingo wetu.

Ndugu yangu mwenye wivu, najua uko hapa, maana wivu haukosi ibada. Mtumaini Bwana aliyeniondoa dirishani. Na siku ukitaka tuombe pamoja, njoo nyumbani, utanikuta, mimi huwa siendi popote. Usilete zawadi. Ukingo bado una pengo moja. Njoo na jiwe.