Mama Julienne Masika, aliyeipitisha kampuni nzima kwenye kamba moja

Padri wetu, wazee, wafanyakazi wa Maison Mulimani, majirani na nyinyi nyote mliopanda hadi hapa na jua hili, poleni kwa msiba. Mimi ni Gauthier, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nimekubali kwa sharti moja: leo mtu asitoke makaburini bila kujua dada yangu alikuwa akifanya kazi gani. Jambo hilo lilimsumbua miaka na miaka. Watu walisikia kwamba anafanya mambo ya kompyuta, wakamletea simu zilizoanguka ziwani. Alizipokea kwa heshima, akazirudisha zimekufa vilevile.

Julienne Masika alizaliwa Butembo tarehe 14 Septemba 1971. Alikuwa binti wa kwanza wa marehemu papa Paul, mfanyabiashara wa kahawa aliyeonekana njiani zaidi kuliko nyumbani, na mama yetu Philomène, mkulima, ambaye ameketi hapa mbele. Kwetu binti wa kwanza ndiye Masika, na mwenye jina hilo anajua mapema kwamba wadogo wote ni wake. Mama anakumbuka jioni moja alirudi kutoka shambani akakuta bidoni zote zimejaa maji, nyumba imefagiwa, na jiko ni baridi, maana hakuna aliyeleta kuni. Kila mtoto alimwonyesha kazi aliyoifanya. Masika peke yake alikuwa amekasirika. Alisema: "Mama, kila mutu alifanya kazi yake, lakini hakuna mwenye aliuliza leo tunakula nini." Tangu siku iliyofuata, swali la chakula lilitangulia, kisha ndipo alipogawa maji na kuni. Mama anasema masomo yake ya baadaye yalikuja tu kumpa diploma ya kitu alichokuwa anakijua.

Alisoma kwa masista hapo Butembo, akapata diploma ya Dola, ile ya kumaliza sekondari, mwaka 1990, upande wa biashara. Akashuka Goma kusomea kompyuta za usimamizi, akamaliza mwaka 1995. Alifanya kazi ya uhasibu kwa miaka mingi, miaka ya vita ambayo wote tunajua ilivyokuwa, na hakuiacha Goma. Mwaka 2012 alikwenda Nairobi kujifunza usanifu wa kampuni, ile inayoitwa kwa Kifaransa architecture d'entreprise. Alirudi amekonda na anacheka peke yake barabarani.

Hapa kwenye ndoa nitasimama kidogo. Tarehe 25 Julai 1998, katika parokia ya hapa Goma, alifunga ndoa na shemeji yangu Benny, mwalimu, mtoto wa milima ya Masisi. Siku ya mahari, wazee wa Masisi walikuja na hesabu ya ng'ombe, wazee wetu walikuwa wamekaa na hesabu ya mbuzi, na mchana ulikuwa unaisha. Bibi arusi, ambaye hakutakiwa kusema neno, alimtuma shangazi na ujumbe huu: "Muwaambie wakubaliane kwanza kama ndoa iko. Banyama watafuata." Wazee walicheka, wakakubaliana. Shemeji Benny aliniambia walichotoa mwishoni, lakini kuna wakwe hapa, kwa hiyo nanyamaza.

Sasa kazi yenyewe. Mwaka 2013 Papa Wenceslas, mkubwa wa Maison Mulimani, alimwita ili amchagulie programu moja kubwa ya kompyuta. Kampuni yake inasafirisha mizigo ya wafanyabiashara kutoka mipakani hadi Goma na Butembo, na wakati ule ilikuwa inazama. Mizigo ilipotea ikiwa ndani ya depo yake yenyewe. Wateja kama Mama Nabintu, muuza sabuni, walikuwa wanahamia kwa wengine, na wafanyakazi walijua kwamba safari hii watarudishwa nyumbani. Dada yangu hakuchagua programu yoyote. Aliomba kamba ndefu ya kufungia mizigo, akawatoa wafanyakazi wote nje, uani, kwenye depo ya Kibati.

Papa Wenceslas alipandwa na hasira. "Mama Julienne, njo nimekuita unichagulie programu, haiko kuchezesha batu kamba!"

"Papa, programu itafanya haraka ile yenye tuko tunafanya. Kama tuko tunapotea, tutapotea mbio."

Aliweka katoni moja ya sabuni ya Mama Nabintu chini, akamwambia aliyeipokea mpakani Bunagana ashike ncha ya kamba. Kisha akamuuliza: "Nyuma yako, nani anaiulizia hii katoni?" Kamba ikaenda kwa dereva, kwa mtu wa depo, kwa Deborah wa biro, yaani ofisini, ikarudi kwa mtu wa depo, ikarudi tena kwa Deborah, tena na tena, mpaka Deborah akazungushwa kamba mwili mzima kama yeye ndiye mzigo. Watu walicheka hadi machozi. Papa Wenceslas ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Alikuwa ameona kwa macho yake: Bunagana wanaujua mzigo kwa namba ya kamyo, lori lililouleta, depo inaujua kwa jina la mwenyewe, biro inaujua kwa namba ya faktire, ile hati ya malipo, kila upande una programu yake uliyojinunulia, na hizo programu hazijawahi kusalimiana.

Basi huo ndio usanifu wa kampuni, ndugu zangu. Ni kuitazama kampuni nzima kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa kuna kazi: tunamfanyia nani nini? Chini yake kuna habari ambazo kazi inazihitaji. Chini yake programu zinazobeba hizo habari. Chini kabisa mashine na umeme. Unaanza juu, kwa kazi, ukishuka. Sisi wengi tunaanza chini, tunanunua mashine, halafu tunaitafutia kazi. Na hakulazimika kubuni kila kitu mwenyewe, kwa sababu wataalamu wameshatengeneza miongozo. Kuna mmoja unaouliza kila kitu nini, vipi, wapi, nani, lini na kwa nini. Mwingine, unaoitwa TOGAF, unakupeleka hatua kwa hatua: tuko wapi, tunataka kufika wapi, tutavukaje, na ukifika unaanza tena kwa sababu dunia haisimami. Alisema mwongozo ni kama kalibu ya matofali: udongo ni wako, nyumba ni yako, lakini tofali linatoka limenyooka.

Faida yake? Mtaniruhusu nijivune. Mzigo ulipewa namba moja kutoka mpakani hadi mlangoni. Programu mbili zilitupwa, fedha zake zikatengeneza kamyo. Mama Nabintu alirudi, akaleta na dada zake. Mfanyakazi mpya alielewa kampuni haraka, kwa sababu ramani ya ghorofa hizo ilikuwa ukutani. Hakuna aliyerudishwa nyumbani. Na Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipofunguka na lava ikashuka upande wa Kibati, depo ile iliungua na kompyuta zake zote. Lakini yeye alikuwa ameshauliza zamani, juu ya ramani ile ile: "Kibati ikienda, inaenda na nini?" Jibu lilimtisha, akapeleka nakala ya habari zote Butembo. Mji ulipoamriwa kuhama, tulikimbilia Sake, tumekaa juu ya mafurushi yetu, na Papa Wenceslas akamuuliza kwa sauti ya kulia, "Mama, tunaanzia wapi?" Akamjibu: "Kwa kazi, Papa. Kamyo zenye ziko njiani ni za nani?" Wenye nakala kule Butembo wakajibu kwa simu, kamyo moja baada ya nyingine. Nilikuwepo. Sijawahi kumwona mwanadamu mwenye furaha namna ile amekaa juu ya furushi. Mwaka uliofuata njia ya Bunagana ilipokatika, walihamishia mizigo kwenye mipaka ya Kasindi na Grande Barrière. Mlango ulibadilika, nyumba ikabaki imesimama.

Ugonjwa wa figo ulimshika mwaka 2023. Alitibiwa hapa Goma na Kampala, akiwa mgonjwa mwenye maswali mengi kuliko daktari. Kilichomwogopesha hakikuwa kifo. Kila siku Deborah alikuja kitandani kuuliza jambo la kazi, na dada yangu aliona kwamba ndani ya nyumba yake yote ya ghorofa, nguzo moja mbovu ilibaki: yeye mwenyewe. Alianza kujiondoa. Kila alilolijua peke yake alilifundisha kwa mwingine, akafuta jina lake kwenye ramani mahali baada ya mahali. Deborah alipolia, alimwambia: "Kama nikikufa na kamyo zisimame, basi sikufanya kitu. Unasikia? Sikufanya kitu." Alitutoka Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa shemeji Benny. Tulimpenda sana, na inauma.

Ameacha mama yake Philomène, mume wake Benny, watoto wake Élodie na Jeancy, mimi na wadogo zake wengine, wajomba na shangazi wa Butembo, wakwe wa Masisi, na Maison Mulimani yote.

Neno la mwisho. Kwa desturi yetu, kampuni hufungwa hadi mtu wake azikwe, na Papa Wenceslas alikuwa ameshatia kufuli kwenye lango kwa heshima yake. Deborah alimfuata akamrudia maneno ya kitandani. Mzee akafungua kufuli kwa mkono wake. Asubuhi ya leo simu imetoka Kasindi: mizigo imevuka, ya Mama Nabintu ni ya kwanza. Hakuna aliyehitaji kumuuliza Julienne.

Jeneza litashushwa kwa kamba ile ile ya uani, aliyoihifadhi nyumbani kwake tangu siku ile. Mtaona kwamba wafanyakazi wengi hawapo kuishika, nanyi msiwalaumu, wako njiani na kamyo. Wajomba, shangazi, njooni mshike nafasi zao.

Masika, kamyo zinatembea. Ulifanya kitu. Pumzika sasa kwa amani.