Fundi Mstari na Sehemu Aliyoiacha Nyeupe

“Ile picha ya jangwa haiingii kwenye programu ya mazishi,” binti mkubwa wa marehemu alisema juzi, mikono kiunoni. “Watu watadhani baba hakujua kazi.”

Mdogo wake wa mwisho akasema itaingia. Dada akamwambia kwamba mtu aliyeacha shule kidato cha pili asimfundishe heshima ya wazazi. Wakabishana mpaka mama yao akawauliza kama marehemu ni nguo ya mtumba, mbona wanamvutana. Sababu ya kuitaka picha ile kitinda mimba alikuwa ameificha miaka mitano na nusu. Itasemwa humu, zamu yake ikifika.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Juni 1955, mtoto wa tatu kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka. Mama yake alikuwa akisema alizaliwa kinu kikiunguruma, ndiyo maana akakua mtu wa maneno machache. Kelele alishazisikia zote siku ya kwanza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, akaishia darasa la saba. Walimu walimpa chaki awaandikie ubaoni kwa sababu mwandiko wake ulishinda wa kwao. Mwalimu mkuu alimchapa mara moja tu, siku alipomkuta amemchora akisinzia. Kisha akaikunja ile picha vizuri, akaenda nayo kwake.

Mwaka 1971 aliingia ufundi wa mabango, akadumu nao miaka arobaini na saba. Maduka, vinyozi, milango ya wodi, ubavu wa malori, kote alipita. Walimwita Fundi Mstari, kwa kuwa alipiga mstari kwa mkono mtupu na rula ikija inakubali. Nyumbani kazi ilikwenda hivi: yeye anachora kingo za herufi, watoto wanajaza rangi ndani. Kila mwanawe alikua akijua kwamba penye weupe ndani ya mstari, kazi haijaisha.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani. Alikuwa amekwenda kumwandikia bango la duka, neno moja tu, na likamchukua wiki tatu. Fundi cherehani huyo alipomuuliza litakwisha lini, alijibu kwamba likikwisha atakosa sababu ya kurudi. Mungu akawajalia watoto wanne.

Alistaafu 2018. Alikuwa na hamu moja, kuchora kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Agosti 2019 aliichukua familia, mkwe wake akiendesha, wakaenda jangwani siku tatu. Siku ya kwanza alichora vilima vya mchanga kwa penseli tu, akifuta, akirudia. Siku ya pili akafungua rangi za maji. Wengine walikaa chini ya turubai wakinywa chai yenye mchanga. Kitinda mimba, miaka kumi na minane na hawezi kukaa kitako, alikuwa na mechi ya mtaa jioni ya siku ya tatu. Aliuliza mara tano wanaondoka lini. Baba yake alimjibu kila mara kwamba bado anasubiri jua.

Adhuhuri ya siku ya tatu mzee alipitiwa na usingizi. Picha ilikuwa juu ya kasha, na ubavu mzima wa kilima kikubwa ulikuwa mweupe. Kijana akaona kazi ambayo haijaisha. Akachukua rangi ya njano, akajaza ndani ya mstari, sawasawa mpaka kwenye kingo, kama alivyofundishwa.

Mzee alipoamka aliitazama muda mrefu. Halafu akatazama vidole vya mwanawe.

“Kwenye rangi za maji ukitaka jua hulipaki,” alisema. “Unaiacha karatasi.”

Aliosha brashi, akamwambia mkwewe wafunge mizigo. Kijana aliiwahi mechi.

Picha ilitundikwa sebuleni. Wageni walisema jangwa limeshikwa na homa ya manjano. Mashemeji wakasema fundi wa mabango ni fundi wa mabango tu. Mzee alicheka nao, akasingizia macho yake. Mwaka 2022 mkewe, ambaye hakujua lolote, alimshikilia aipeleke kwenye maonyesho. Msimamizi alimrudishia, akamwambia ana mkono mzuri ila mwanga haujui. Kitinda mimba ndiye aliyembebea ile picha kurudi nyumbani.

Machi 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2025 mwanawe huyo wa mwisho alivuta kiti karibu na kitanda.

“Baba, kuna jambo.”

Mzee akangoja.

“Umekunywa chai?” kijana akauliza.

“Nimekunywa,” baba akajibu, na akaendelea kungoja, mpaka muuguzi alipokuja kusema muda wa wageni umekwisha.

Aliaga dunia Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na tisa.

Kwa hiyo mliofika mjue. Katika picha iliyo nyuma ya programu hii, penseli ni ya Fundi Mstari, anga ni lake, vivuli ni vyake. Njano ni ya mwanawe. Waliomcheka mzee walimcheka mtu siye. Dada mkubwa alisomewa maneno haya jana. Aliishusha picha ukutani, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake, akamkabidhi mdogo wake aipeleke kwa mchapishaji.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, mkwe mmoja na wajukuu sita. Udongo umpokee taratibu, na Mungu amlaze pema.

Kitinda mimba anaomba radhi kwamba akimaliza kusoma hatakaa na familia. Kamba za kushushia jeneza bado ziko kwa seremala, na yeye ndiye aliyetumwa kuzifuata.