Leonce Qamara na Ndama wa Loserian

"Ngorongoro nzima inajua tuna ng'ombe, isipokuwa zizi letu tu! Leo amezaa tena? Baba Neema, huyo ng'ombe wako anazaa kuliko panya. Kesho utamwambia Loserian kwamba ameanza kwenda kanisani!"

Aliyekuwa akiambiwa hayo ni marehemu Leonce Qamara, na aliyekuwa akiyasema ni mkewe, Mama Germana, barazani kwao hapa Karatu, simu ikiwa bado ya moto mkononi mwa marehemu.  Marehemu alikunywa chai yake ya rangi, akaangalia barabara. Ndugu waombolezaji, huyo ng'ombe tutamfikia. Kwanza tumzae mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 huko Mbulumbulu, mtoto wa nne wa mzee Qamara Ami na mama Paulina. Utotoni aliwekwa kulinda ngano isiliwe na ndege, akalala, ndege wakashiba. Alipoulizwa, akasema wamekuja wengi mno, wengine wametoka mpaka Mbulu. Wazazi wakaamini. Ila yeye mwenyewe ugali ukagoma kupita. Siku ya tatu akamfuata baba yake shambani, akasema, "Nilikuwa nimelala," akachapwa, akarudi nyumbani akala sahani mbili. Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote: uongo kwake ulikuwa mwepesi mdomoni, ukifika tumboni unageuka jiwe.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1979. Hakuchaguliwa kuendelea. Yeye alisema serikali ilikosea. Mwalimu wake alisema haikukosea.

Mwaka 1983 akawa utingo kwenye malori ya ngano, na mwaka 1992 akapata kazi ya kuendesha watalii kwenda kreta. Wageni walimpenda sana, maana aliwaonyesha hata chui ambaye hayupo. "Mnauona mkia? Ule pale, amejificha." Wageni wanapiga picha mti, wanatoa bahashishi, wanaondoka na furaha yao.

Masika ya mwaka 1998 gari lake lilizama kwenye tope njia ya Nainokanoka. Akatokea kijana wa Kimasai na wenzake, wakasukuma mpaka likatoka. Marehemu akatoa noti. Yule kijana akaziangalia kama mtu aliyeonyeshwa majani makavu. "Rudisha. Wewe una gari, mimi nina mama anaumwa. Tupeleke hospitali." Huyo ndiye Loserian, na yupo hapa leo, amekaa pale na shuka yake. Tangu siku ile, marehemu hakupita njia ile bila kusimama kwake.

Marehemu alifunga ndoa na Germana tarehe 24 Novemba 1990. Mungu akawapa Neema, Dorkasi na Beatrice. Walipanga vyumba vya watu kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2018 walipochukua mkopo benki wakanunua nyumba ya matofali ya kuchoma, upande wa njia ya Buger. Mkopo wa miaka kumi na tano, dhamana nyumba yenyewe. Mwaka 2020 watalii wakakatika kama maji ya bomba. Marehemu alikaa nyumbani, gari la kampuni limefungwa, barua za benki zinakuja. Alikonda mpaka suruali zikawa zinamwuliza amehamia wapi.

Hapo ndipo Germana alipokiinua kikundi chake cha majirani. Kina mama wale hawakutaka tu kuziba malimbikizo. Walisema deni hili tulimalize kabla ya wakati wake, riba isituzeeshe, tukimaliza hili tunahamia nyumba ya mwingine. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu walileta walichonacho: vitunguu, maharage, jogoo. Vinauzwa, hela inakwenda benki juu ya ile ya kawaida. Na ili watu waone wanakofika, ukuta wa mbele, ambao haukuwa na plasta, ukawa ndio kipimo. Ukileta kitu, unapaka chokaa tofali lako kwa mkono wako, watu wanapiga vigelegele. Ukuta ulianza kuwa mweupe kutoka chini kwenda juu. Wapita njia waliuliza, "Leo mmefika wapi?" na watoto wanajibu, "Dirishani!"

Jumamosi moja ya mwaka 2021, katikati ya kuku na vitunguu, akatokea Loserian na ndama jike, mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Hakuhutubia. Akamfunga kwenye nguzo, akanywa chai, akaondoka kuwahi gari la jioni. Kikundi kikalipuka kwa vigelegele. Marehemu mwenyewe akamshikia Loserian nafasi, akapaka tofali moja kushoto kwa dirisha. Siku ya mnada wa mifugo ilipofika, ndama akauzwa pamoja na jogoo, na hela ikaenda benki. Nani angedhani vingine? Siku ile kila kilichofika kwenye nguzo ile kilikuwa cha kuuzwa.

Wiki ya pili simu ikalia. "Paashe!"

"Paashe ndiye nani?" marehemu akauliza.

"Ni wewe, na ni mimi," Loserian akasema akicheka. "Kwetu mtu akikupa ndama, majina yenu ya zamani yanawekwa kando. Mnaitana kwa ndama. Atazaa kwako, wajukuu zetu watajuana kwa uzao wake. Kitu hicho hakiuzwi, hakilipwi. Haya, anaendeleaje?"

Ndama alikuwa ameshaliwa mchuzi na watu wasiojulikana. Marehemu akafungua mdomo aseme. Kikatoka kitu kingine.

"Anaendelea," akasema. "Anapenda majani ya mahindi."

Basi ikawa hivyo. Kila simu Paashe, kila simu ndama hajambo. Ndama akawa mtamba, mtamba akashika mimba, akazaa, na yule mtoto naye marehemu akampa baka jeupe. Mama Germana alimwambia waziwazi, "Mwambie leo. Yule ni Loserian, siyo mtalii." Marehemu anasema, "Kesho." Kuanzia mwaka ule hakunywa tena chai ya maziwa. Sisi tulidhani ni masharti ya daktari. Na kushoto kwa dirisha akapigilia msumari, akatundika koti lake la kaki la kazini, na koti lile halikutoka pale, iwe mvua iwe jua. Aliwekewa kiti akae auone ukuta wake unavyopendeza, yeye akakigeuza akaupa mgongo.

Desemba 2024 tofali la mwisho chini ya paa likapakwa. Deni la miaka kumi na tano lilikwisha miaka tisa kabla, watu wakacheza mpaka jirani akaleta malalamiko, kisha naye akacheza. Marehemu alikaa pembeni kama mgeni kwenye sherehe ya mtu. Kesho yake alimtumia Loserian laki tano kwenye simu. Jioni zilirudi zote. "Paashe, hela ya nini? Mimi sikuuza kitu." Usiku huo, kwenye simu, ndipo alipoongeza ndama wa pili.

Kisukari alikuwa nacho tangu mwaka 2016. Februari mwaka huu figo zikaanza kumsumbua, akalazwa, akatoka, akalazwa tena. Madaktari na wauguzi walimhudumia vizuri na familia inawashukuru. Aliaga dunia Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, nyumba isiyodaiwa na mtu, na rafiki mmoja ambaye hatukujua tumwandike kwa jina gani.

Tunasema hivyo kwa sababu ya Jumapili tarehe 7, siku kumi na moja kabla hajatutoka. Loserian alikuja kumwona mgonjwa. Walikaa barazani, Mama Germana akiwa jikoni mlango wazi. Marehemu akasema bila salamu, "Yule ndama nilimuuza. Mnada ule ule. Hajawahi kula hata jani moja la mahindi hapa."

 "Najua," Loserian akasema. "Nilikuwepo mnadani. Nilimwona na alama yangu sikioni, anavutwa na mchinjaji."

"Unajua? Miaka yote hii! Mbona ulikuwa unaniuliza?"

"Nilikuwa nakufungulia geti utoke. Wewe kila nikifungua, unanitolea ndama." Akacheka kidogo, halafu hakucheka. "Sikutaka ng'ombe. Nilitaka uniambie. Mtu akipoteza ndama tunampa mwingine. Lakini mimi nimekuwa nikiita jina la ng'ombe aliyeliwa, na wewe unaitika. Sasa niambie mwenyewe, maana mimi sijui. Kuanzia leo nikuite nani?"

Mama Germana anasema aliacha kukoroga sufuria asikie jibu.

Marehemu akainuka kwa fimbo yake. Akaenda ukutani, akalitoa lile koti kwenye msumari. Kumbe nyuma yake tofali lilikuwa jekundu. Alikuwa amelikwangua chokaa yote, siku gani hatujui, kwenye ukuta mzima mweupe likawa peke yake. Loserian akaliona. Marehemu akavaa koti, mkono mmoja, kisha wa pili, akashuka ngazi polepole, akafungua geti, akalirudishia vizuri nyuma yake, akashika njia ya kuelekea mnadani alikomuuza yule ndama, ingawa siku ile hakukuwa na mnada.

Na apumzike, huko alikokuwa anakwenda.