Aliyepokea Fungu Yumo

Jovelyn hakwenda pale dap-ay, baraza la wazee wa kijiji, kupiga soga, na mwanamke hakai kwenye yale mawe ya wazee hata miguu ikifa ganzi, kwa hiyo alisimama nje ya mduara, mtoto mgongoni, kapu mkononi, na ndani ya kapu fungu la nyama ambalo hajalionja, kwa sababu nguruwe aliletwa na kampuni ya umeme, na kesho asubuhi kampuni inatoboa mlima penye chemchemi, na majaruba ya kwanza chini ya chemchemi ni yake, mengine hana. Wazee watatu walikuwa wameshalizunguka birika la kahawa: Wakili Nusu, aliyesoma sheria miaka miwili mjini Baguio akarudi na koti, Marekani, mwenye kofia ya jeshi aliyoachiwa na babu yake, na Apo Kisu, mkata nyama wa kila karamu kijijini.

— Samahani, Apo, alianza Jovelyn, kwa neno la kuwaheshimu wazee.

— Subiri, mwanangu, hapa pana elimu, alisema Wakili Nusu. Nasema hivi: zamani binadamu hakuwa na serikali. Kila mtu anamwogopa jirani.

— Hasa huku kwetu, alisema Marekani. Jirani alikuwa anaondoka na kichwa chako.

— Ndiyo! Basi wakakaa wakakubaliana, tumpe mmoja nguvu ili tulale usingizi. Huo ndio mkataba wa jamii.

— Walikaa wapi?

— Mahali.

— Lini?

— Kabla.

— Na babu yangu alikuwepo?

— Babu yako alikubali kwa kunyamaza. Ukipita tu barabara ya serikali, umekubali. Kimya kingi kina mshindo!

— Barabara hiyo babu aliichimba huku ameelekezewa bunduki! Mfalme wa Uhispania hakuwahi kuupanda mlima huu, pumzi angetoa wapi, akasema ni wake. Akawauzia Wamarekani, wao wakawaachia wakubwa wa Manila. Nasi tumo humo humo, kama kupe kwenye nyati wa mnadani. Nani huwauliza kupe?

— Kupe nao wananufaika. Wanabebwa bure.

— Nyote hamna kitu, alisema Apo Kisu. Hapa karatasi haijawahi kumfunga mtu. Kinachofunga ni nyama. Nakata, kila nyumba fungu lake, hata aliye tumboni anahesabiwa. Aliyepokea fungu yumo. Kampuni wamelijua hilo, ndiyo maana wakaja na nguruwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Yaani tumetia sahihi kwa meno? aliuliza Marekani.

— Kwa meno.

— Mbwa wako alikula mifupa.

— Basi naye yumo.

— Na nzi?

— Nzi ni mashahidi.

Walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Jovelyn hakucheka, mtoto akaanza kulia, akamtikisa, akamtikisa tena, kisha yote yakamtoka kwa mkupuo:

— Apo Kisu, mimi Jumamosi, siku ya kugawa nyama, nilikuwa zahanati na huyu, alikuwa na homa, nimerudi nakuta nyama imetundikwa mlangoni kwa uzi wa mwanzi, sikuipokea, sikuila, nimeitia chumvi tu isioze, na kesho wanatoboa, na maji yakikatika huyu atakula nini? Mimi sitaki kuwemo. Fungu linarudishwaje?

— Kwa utaratibu, alisema Wakili Nusu, kuna kuingia...

— Na kutoka?

Wakili Nusu akafunga kifungo cha koti.

— Muulize aliyekata, alisema Marekani, akavuta kofia machoni.

Apo Kisu alikohoa. — Tangu babu wa babu zetu, mwanangu, fungu halijawahi kurudi.

— Sasa limerudi, Apo. Lipokee.

Akaitoa ile nyama kapuni, akamnyooshea. Apo Kisu aliitazama, akaitazama na mikono yake mwenyewe, mikono iliyogawa nyama miaka arobaini, kisha polepole akaikalia mikono hiyo, isije ikapokea.