Sista Dominika na Kitanda cha Mlangoni

Baba Mchungaji, ndugu wa pande zote mbili, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, mimi Benedikto, mjomba wake, nimepewa jukumu la kumwelezea Dominika, na kwa desturi ya kwetu mjomba hakatai, ingawa safari hii nilitamani kukataa.

Dominika Charles alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa Lulindi, mtoto wa kwanza wa dada yangu Flora, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1994 hadi 2000, sekondari Newala hadi 2004, kisha uuguzi Mtwara, akahitimu mwaka 2008, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika hospitali moja upande wa Newala, alikobaki mpaka mwisho. Tarehe 8 Septemba 2012 alifunga ndoa na Mwalimu Lucian, wakajaliwa watoto wawili, Careen na Dickson.

Mwaka 2022 aliingizwa kwenye utafiti wa kupima protini za damu za wagonjwa mahututi, kazi aliyonieleza mara nyingi, nami nikaielewa hivi, kwamba wagonjwa wawili wanaweza kuonekana sawa, wote wanakunywa uji, lakini damu ya mmoja inaonyesha tayari kwamba atazidiwa. Mgonjwa huyo, Dominika alimhamishia kitanda cha mlangoni, karibu na meza ya wauguzi, ili aangaliwe kila wakati, na wodi nzima ilikifahamu kitanda hicho, wageni tu ndio wasiokijua.

Tarehe 3 Juni 2025, akipalilia mikorosho shambani Chiungutwa, alijikata mguu kwa jembe, akaufunga kitambaa na kuendelea kulima, maana alikuwa mkaidi wa kazi, na sisi tukamcheka. Tarehe 6 alilazwa kwa homa kali katika wodi yake mwenyewe, maambukizi yakiwa yameshaingia kwenye damu, lakini kesho yake aliketi kitandani akitaniana na mumewe. Damu yake ikapimwa kwa kipimo kile kile. Dakta Gwakisa, aliyekuwa akimtibu, alipoleta majibu alimpa ayasome mwenyewe, naye akayasoma, akamwomba Mwalimu ambebee mto, akatembea kwa miguu yake mpaka kitanda cha mlangoni, akalala. Mwalimu alifurahi, akidhani mkewe anafuata upepo, mpaka alipoona akina mama wote wodini wameinamisha vichwa.

Dawa zilizokuwepo alipewa zote. Hospitali kubwa zilipigiwa simu, kila moja ikajibu kwamba vitanda vyenye mashine ya kupumulia vimejaa, na tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, Dominika akafariki. Watu wananiambia kipimo kile ni kizuri, nami sibishi, kilisema kweli tupu, ila nauliza mbele yenu, kujua mapema kunatusaidia nini mahali ambapo baada ya kujua hakuna kingine cha kufanya? Nimeuliza tangu siku ile, na nimechoka kuuliza.

Familia inamshukuru Dakta Gwakisa, aliyelia pamoja nasi bila kujificha, wauguzi wenza wa marehemu, walimu wenza wa Mwalimu Lucian, na majirani wa Lulindi na Newala waliotupikia na kulala nasi msibani.

Wauguzi wamenieleza kwamba jana kitanda cha mlangoni kilipata mgonjwa mwingine, na mume wa mgonjwa huyo ndiye aliyembebea mto. Pumzika kwa amani, mpwa wangu, wewe zamu yako imekwisha.