Wimbo wa Mama Risper Niliouchelewesha

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Mimi ni Odhiambo, mwenye studio ndogo pale sokoni Ndhiwa. Nimerekodi kwaya nyingi za hapa. Zilizopata nyimbo zao zikiwa zimekamilika zilikuwa chache, na leo nimesimama kulisema hilo bila kujificha.

Kuanza hakukunisumbua. Siku ya kurekodi nilikuwa moto kabisa. Lakini ikifika kazi ya kusafisha sauti na kupanga vyombo, naiweka kando. Nasema ngoma haijakaa sawa, naanza wimbo mwingine. Mtu akipiga simu namwambia, "Wiki ijayo," halafu naacha kushika simu zake. Ndugu zangu, nilidhani ni kupenda kazi nzuri. Ilikuwa hofu! Wimbo usipoisha, hakuna atakayesema ni mbaya.

Ndipo akaja Mama Risper, mjane kutoka Kosele, na wimbo aliotunga mwenyewe. Aliimba mara moja tu, mitambo ikirekodi, nami nikasahau hata kuizima. Akaniambia, "Wuoda, mwanangu, nina uvimbe kooni, nitapasuliwa. Nataka kuusikia kabla sijaenda."

"Utaupata, mama," nikamjibu.

Alienda hospitali bila wimbo. Mungu akamponya, uvimbe ukaisha, lakini sauti haikurudi. Asubuhi moja alikuja studio na binti yake Atieno. Alinong'ona mpaka ikabidi niiname: "Ile sauti yangu, bado uko nayo?"

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

Walipotoka nilifunga mlango nikapiga magoti. Sikuona nuru yoyote. Niliomba kitu kimoja: "Bwana, nisaidie nimalize huu, hata kama hautakuwa mzuri." Nikafungua kompyuta. Kila nilipotaka kuinuka nianze kitu kingine, niliomba tena, nikakaa. Siku ya nne nikamaliza. Ngoma bado ilikuwa juu kidogo. Nikaiacha hivyo.

Niliupeleka Kosele mwenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake kooni. Atieno alishindwa, akatoka nje kulia. Mama akanong'ona, "Kumbe nilikuwa naimba hivyo?" Akaomba niurudie.

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe, wuoda. Sasa nenda kwa wale wengine unaowakimbia."

Nimekwenda, ndugu zangu. Nawarudia mmoja mmoja. Wengine walinifokea, na walikuwa na haki. Wengi sasa wana nyimbo zao, na kwaya ya Lambwe nimebakiza wimbo mmoja. Hofu ile hunijia karibu kila asubuhi. Naomba, nakaa, nafanya kazi iliyo mbele yangu.

Ndugu yangu, kama umeshika kazi ya mtu na unaogopa kuimaliza, mpelekee Yesu ikiwa nusu hivyo hivyo. Mimi nilienda kwake na visingizio vyangu vyote na hakunifukuza. Mwamini, uanze leo. Sifa zote ni zake, nanyi mzidi kuniombea.